Kufumbua fumbo la maneno, kwa mifano ya Karatu na Ngorongoro

Fumbo la maneno la kawaida hukuuliza unachokijua: mji mkuu wa nchi fulani, mnyama mwenye shingo ndefu. Lipo la aina nyingine, ambalo wasomaji wa magazeti ya Uingereza wamelipenda tangu miaka ya 1920, na The Times la London likaanza kuchapa la kwake mwaka 1930. Katika hili kidokezo kinasema jambo moja na kukusudia jingine kabisa. Wengi hulitazama mara moja wakafunua ukurasa wa michezo. Si haki, maana aliyekulia kwenye "kitendawili, tega", na anayesoma jina la kanga kabla ya kuulizia bei, ameshafika nusu ya njia.

Sheria kuu ni moja. Kila kidokezo kina vipande viwili: kimoja ni maana ya jibu, nacho hukaa mwanzoni au mwishoni, hakikai katikati. Kilichobaki ni njia ya pili ya kulifikia jibu hilohilo, kwa kuchezea herufi, silabi au maana. Nambari kwenye mabano ni idadi ya herufi. Kwa hiyo usikisome kama sentensi. Kikate.

Chukua hiki: "Pasua mkaratusi, utakuta mji (6)". Maana iko mwishoni, mji. "Pasua" inakuamuru uingie ndani ya neno. Toa herufi ya kwanza na mbili za mwisho, unabaki na KARATU. Hiki nacho ni ndugu yake: "Aliyoambiwa ameyasikia, ila ndani mna ziwa (5)". Limelala katikati ya "ameyasikia": EYASI, ziwa la kule Mang'ola kwenye vitunguu. Ukiona ndani, tumboni, ficha au pasua, anza kupekua herufi zilizofuatana.

Maneno kama ovyo, vurugu, koroga na changanya yana kazi nyingine: yanakutaka uzipange herufi upya. "Fura ovyo, mwenye pembe puani (4)". Ivuruge "fura" upate FARU. Mara nyingine jibu huungwa kwa vipande: "Mbeba mizigo na mistari yake, mkazi wa kreta (10)" ni punda na milia, PUNDAMILIA.

Kugeuza ndiko kunakokifaa Kiswahili kuliko vyote, mradi ugeuze kwa silabi. Ukigeuza herufi mojamoja utapata takataka, kwa sababu maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Watoto wa Pwani wamezungumza kinyume kwa vizazi vingi, na Edward Steere alikieleza katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili, karne ya 19. Basi: "Taka zikigeuzwa, diwani anapata eneo lake (4)". Ta-ka, ka-ta. KATA.

Kidokezo ninachokipenda zaidi ni hiki: "Hutupa kahawa, hutupa yai kubwa (5)". Ukikisoma haraka unamwona mtu mwenye hasira akimwaga kifungua kinywa chake. Simama kwenye kitenzi. "Hutupa" ni kutupa jalalani, lakini pia ni kutupa sisi, yaani kutupatia. Nani hutupatia kahawa? Mti unaolimwa kwenye mashamba ya Oldeani. Nani hutupatia yai kubwa? Ndege arefushaye shingo kwenye nyasi za kreta. Wote wawili ni MBUNI. Hapa vipande vyote viwili ni maana, hakuna herufi iliyoguswa.

Tazama alivyojificha mtunzi. Angeandika "unatupa", ngeli ingekuambia ni mti. Angeandika "anatupa", ungejua ni kiumbe hai. Upatanisho wa kisarufi humfunga mtunzi wa Kiswahili mikono, naye akajinasua kwa "hu-", ambayo haitaji ngeli ya mtenda. Kwa mfumbuaji hilo ni somo kubwa: pitia kila kiambishi. Palipo na ki-, u- au li- una fununu ya jibu, na palipo na hu- shuku kwamba kuna kitu kinafichwa.

Anza na vidokezo vifupi, na uandike kwa penseli. Ch, sh na ny huchukua miraba miwili kila moja, na ritifaa ya Mang'ola haipewi mraba. Kisanduku cha mwisho kijaribie irabu kwanza, ila majina ya Kiiraqw yana desturi zake: Endabash inaishia na konsonanti, na mtunzi akikuwekea Q, ikumbuke kata ya Qurus kabla ya kukata tamaa.

Kuna jina moja la kuandika kwa tahadhari. Bonde alilofika Mjerumani Wilhelm Kattwinkel mwaka 1911 lilipata jina kutokana na oldupai, mkonge mwitu kwa Kimaasai, lakini yeye alisikia V, na Olduvai ikaenea vitabuni. Tahajia zote mbili zina herufi saba na zinatofautiana kwenye ya tano tu. Jaza sita nyingine, huo mraba uache wazi hadi jibu la wima lipite hapo.