Fataki za Sikukuu

Katika karne ya 19, misafara kutoka pwani ilipowasili Tabora, bunduki zilipigwa hewani kwa shangwe. Siku hizi, mkesha wa Noeli na wa Mwaka Mpya, tunasikia fataki. Tukumbuke kwamba fataki ni baruti. Kuzipiga bila kibali cha polisi ni kosa, na kuuziwa dukani si kibali.

Hata kijiti kinachotoa cheche, tunachompa mtoto achezee, hufikia joto la nyuzi 1,000, mara kumi kuliko maji yanayochemka.

Mtoto akiungua, tumwagie mahali hapo maji safi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Tusipake dawa ya meno, asali wala mafuta. Tufunike kwa kitambaa safi, tumpeleke zahanati. Jicho likiumia, tusilisugue. Twende hospitali mara moja.