Mwanga wa Infraredi na Ganzi ya Miguu kwa Wagonjwa wa Kisukari

Mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imeanza kufa ganzi hupewa ushauri mwingi, wa majirani na wa matangazo yanayosambazwa kwa simu. Mojawapo ya yanayotangazwa ni vifaa vya mwanga wa infraredi, vinavyodaiwa kurudisha hisi za nyayo. Makala haya yanaeleza vifaa hivyo ni nini, vilipimwaje, na mwananchi afanye nini kabla ya kutoa fedha yake.

Sukari inapokaa juu katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu pamoja na mishipa midogo ya damu inayoilisha. Mishipa ya fahamu iliyo mirefu zaidi ndiyo huathirika mapema, na kwa sababu hiyo dalili huanzia vidoleni mwa miguu na kupanda juu polepole. Wengine huhisi kuchomwachomwa au kuwaka moto usiku, wengine huhisi kana kwamba wanakanyaga pamba. Baadaye hisi hupotea kabisa, na hapo ndipo hatari inapozidi, kwani maumivu humtoa mtu nyumbani kwenda zahanati ilhali ganzi humwacha ameketi. Msumari hupenya kandambili, mchanga mkali huchubua ndani ya kiatu, naye haoni sababu ya kutazama. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la kitaalamu kuhusu wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya wakiwa usingizini. Mguu ulikuwa umekwisha kupoteza hisi, hivyo haukuwaamsha.

Kwa mtu aliye katika hali hiyo, ahadi ya kurudishiwa hisi si jambo dogo, na haishangazi kwamba wapo walio tayari kuilipia.

Mwanga wa infraredi ni mwanga usioonekana kwa macho, ulio jirani na rangi nyekundu. Vifaa vilivyochunguzwa zaidi ni vipande laini vyenye taa ndogo nyingi za dayodi, ambavyo hufungwa nyayoni na kwenye miguu kwa nusu saa hivi. Taa hizo hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 890. Watengenezaji wameeleza kwamba mwanga huo huchochea kutolewa kwa gesi ya nitriki oksaidi katika damu, mishipa ikapanuka, damu ikafika vizuri na mishipa ya fahamu ikapata nafuu. Nchini Marekani kifaa cha aina hii kilipata kibali mwaka 1994, lakini kwa ajili ya kuongeza mzunguko wa damu na kupunguza maumivu. Kibali hicho hakikuhusu kuponya mishipa ya fahamu, na tofauti hiyo hupotea kwa urahisi katika tangazo.

Mwaka 2004 utafiti mdogo wa Marekani, uliohusisha wagonjwa 27, uliripoti kwamba waliokuwa hawajapoteza hisi kwa kiwango kikubwa walipata nafuu. Mwaka uliofuata watafiti wengine waligawa wagonjwa 39 katika makundi mawili. Kundi moja lilifungwa vifaa vinavyotoa mwanga, jingine vifaa vya kufanana navyo visivyotoa mwanga wowote. Matibabu yalitolewa mara 3 kwa wiki kwa wiki 4, na si mgonjwa wala mpimaji aliyejua nani amepewa kipi. Makundi yote mawili yalionyesha nafuu, bila tofauti ya maana kati yao. Mwaka 2008 utafiti mwingine wa wagonjwa 69, waliotumia vifaa nyumbani kila siku kwa siku 90, nao haukuona tofauti. Kabla ya huo kutoka, Oktoba 2006, Medicare, ambayo ni bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilikwisha kuamua kutolipia tiba hii kwa ganzi ya kisukari.

Msomaji anaweza kuuliza: iweje aliyefungwa kifaa kisicho na mwanga apate nafuu? Mgonjwa aliye katika utafiti huangaliwa kwa karibu, hutunza miguu yake kuliko kawaida, na hutarajia kupona. Pia dalili zenyewe hupanda na kushuka. Kwa sababu hiyo ushuhuda wa mtu mmoja, hata akiwa mkweli kabisa, hauwezi kuthibitisha tiba. Lipo jambo zito zaidi ya hasara ya fedha: anayeamini kwamba hisi zake zimerudi huacha kukagua nyayo zake. Aidha, kifaa chochote cha joto, iwe taa, chupa ya maji ya moto au jiko la mkaa, kinaweza kuunguza mguu wenye ganzi bila mwenyewe kujua.

Hisi za miguu hupimwa kwa njia nyepesi. Katika kliniki hutumika uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10. Nyumbani inatosha ncha ya kidole, kwa kipimo kilichobuniwa katika mji wa Ipswich, Uingereza. Mgonjwa hufumba macho na kuvua viatu. Msaidizi hugusa kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu, kwa sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kupapasa, na bila kurudia pale ambapo mgonjwa hakuhisi. Mgonjwa husema "kulia" au "kushoto" kila anapohisi. Akikosa kuhisi vidole 2 au zaidi kati ya 6, mguu huo uhesabiwe kuwa hatarini na apelekwe kwa mtaalamu.

Katika kuzuia tatizo, ushahidi mzito uko upande wa kudhibiti sukari. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993, uliohusisha wagonjwa 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kuwa udhibiti makini ulipunguza tatizo la mishipa ya fahamu kwa takriban asilimia 60. Kwa kisukari cha aina ya pili manufaa ni madogo zaidi, ila yapo.

Isidhaniwe pia kwamba kila ganzi ya mgonjwa wa kisukari imetokana na kisukari. Dawa ya metformini ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, nao upungufu huo huleta ganzi ya namna hiyohiyo na hutibika. Ukoma, ambao bado upo nchini na una dawa, huanza pia kwa kupoteza hisi. Pombe nyingi nayo huharibu mishipa ya fahamu.

Mgonjwa wa kisukari anapaswa kukaguliwa miguu angalau mara moja kwa mwaka, na mwenye ganzi mara nyingi zaidi. Asipovuliwa viatu kliniki, aombe. Akiona kidonda, lengelenge, uvimbe au ngozi iliyobadilika rangi, afike kituo cha huduma siku hiyohiyo hata kama hasikii maumivu, akiwa na daftari lake la kliniki na dawa zote anazotumia, zikiwemo za asili.