TV ya Chogo na Gemu za Sarafu: Ipe Kila Gemu Mistari Yake

Gemu za mashine za sarafu za miaka ya 1980 na 1990 zilichorwa kwa ajili ya TV za chogo, na humo ndimo zinamopendeza mpaka leo. Lakini ukiziendesha kwenye emuleta na kurusha kila gemu kwa 640×480 na Hz 60, maandishi yatapata ukungu na mandhari itakwama-kwama. Usiilaumu TV. Kila gemu ina vipimo vyake, na kazi yako ni kuvifikisha kwenye kioo kama vilivyo.

1. Vijue vipimo. Kwenye MAME, emuleta ya gemu hizi, bonyeza Tab gemu ikiwa inaenda, kisha fungua taarifa za mashine. Tazama upana, idadi ya mistari na kasi ya kuchora picha kwa sekunde. Street Fighter II ni 384×224 kwa Hz 59.6. Mortal Kombat ni 400×254 kwa Hz 54.7. R-Type ya mwaka 1987 ni 384×256 kwa Hz 55.

2. Elewa hesabu yake. Monita ya kawaida ya mashine hizo huchora mistari kama 15,700 kwa sekunde. Gawanya kwa 60, unapata mistari 262 kwa kila picha, na sehemu yake haionekani kwa sababu mwali unaochora picha unahitaji muda wa kurudi juu. Mistari 256 ya R-Type haienei humo. Ukishusha kasi hadi 55, kama mashine yenyewe inavyofanya, kila picha inapata mistari kama 285 na nafasi inatosha. Kwa hiyo mistari na kasi haviachani: ukilazimisha Hz 60, lazima kitu kikatwe au kibanwe.

3. Tumia zana zinazokufanyia hesabu hiyo. Kwenye Windows, tafuta kadi ya zamani ya AMD Radeon, weka draiva ya CRT Emudriver, kisha tumia GroovyMAME, toleo la MAME kwa ajili ya TV za chogo. Ndani yake mna Switchres, inayotengeneza mawimbi mapya kila unapofungua gemu. Kwenye faili la mame.ini, sehemu ya monitor, anza na generic_15. Kama una monita halisi ya mashine, jaribu arcade_15.

4. Upana usikusumbue. Mwali wa TV ya chogo haufungwi na idadi maalumu ya nukta kutoka kushoto kwenda kulia, ndiyo maana wengi hutuma upana wa 2560 kwa gemu zote na picha ikabaki safi. Ijaze picha kwenye fremu ya 4:3 kwa vifundo vya monita. Mistari ya juu hadi chini ndiyo isiyovutwa kamwe.

5. Gemu za wima zina sheria zake. Pac-Man ina mistari 288 kwenda chini kwa Hz 60.6, kwa sababu monita yake ililazwa ubavu ndani ya kabati. Ukitaka usahihi, geuza monita. Usipoigeuza, utapata picha inayopepesa au iliyobanwa.

6. Linda vifaa na wewe mwenyewe. Kompyuta ikiwaka hutuma kHz 31, yaani mistari kama 31,000 kwa sekunde, mawimbi yanayoweza kuunguza monita ya kHz 15; iwashe monita baada ya draiva kushika kazi. Usifungue mgongo wa TV, maana umeme mkali hubaki ndani hata ukichomoa waya. Epuka pia vigeuzi vya bei rahisi vya VGA kwenda AV, kwani huichora picha upya na kuharibu hesabu yote. Pitisha RGB moja kwa moja, kwa SCART ikiwa TV yako inayo.

Mwisho, kagua kwa macho. Sogea karibu na kioo: mistari yote iwe na unene mmoja. Kisha tazama nyota za R-Type zikipita. Zikiteleza bila kushtuka, kasi ni sahihi. Zikishtuka, rudi kwenye mistari na Hz kabla hujatumia hata shilingi kununua kifaa kingine.