BREKI ZA BUSTA NA PEDALI YA KLACHI KATIKA LORI LA ZAMANI

Wanafunzi wengi wameniuliza mwaka huu kwa nini wajifunze habari za mgandamizo wa hewa na wa maji, iwapo mambo hayo hawayaoni popote ila katika karatasi ya mtihani. Darasani niliwajibu kwa maneno machache. Sasa nataka kuwajibu kwa kirefu, kwa kuwasimulia kazi niliyoifanya pamoja na fundi mmoja wa hapa Tarime wakati wa likizo, katika lori la mjomba wangu. Wazazi wenye magari nao huenda wakaona faida humu.

Lori lenyewe ni Bedford ya namna ya TJ. Malori hayo yalitengenezwa Uingereza na kampuni ya Vauxhall, yakaanza kuuzwa mwaka 1958, na kwa miaka mingi yalionekana katika kila barabara ya Afrika Mashariki yakichukua mahindi, pamba na watu. Hili la mjomba lina injini ya petroli. Alipolinunua halikuwa na msaidizi wowote wa breki, na klachi yake ilivutwa kwa vyuma vya kuungaunga ambavyo fundi wa zamani alivibuni baada ya vile vya kwanza kulika.

Mjomba amepita miaka sabini, na goti lake la kushoto liliumia tangu ujana. Kukanyaga klachi kulimtoa jasho, na kukanyaga breki kulimfanya ainuke kitini. Wanawe wakamshauri auze lori kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hakutaka kusikia. Siku moja akaja nyumbani kwangu, akakaa, akasema, "Mpwa wangu, wewe wafundisha watoto habari za nguvu. Basi nipatie nguvu."

Kwanza tutazame breki. Mguu ukikanyaga pedali, pedali husukuma fimbo, na fimbo husukuma pistoni ndani ya silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta. Mafuta ya breki hayakubali kushindiliwa, kwa hiyo msukumo hupita katika mabomba mpaka kwenye magurudumu, na huko hutanua viatu vya breki vishike dramu. Kanuni hii ni ile ya Pascal, Mfaransa aliyeishi kutoka mwaka 1623 hadi 1662: msukumo ukitiwa mahali pamoja katika maji yaliyofungiwa, huenea pote sawasawa.

Sasa hesabu. Katika lori la mjomba, kutoka kwenye mhimili wa pedali hadi mahali pa mguu ni sentimeta 30, na kutoka kwenye mhimili hadi mahali fimbo ilipofungwa ni sentimeta 5. Gawanya, utapata 6. Maana yake, mguu ukisukuma kwa nguvu ya kilo 30, fimbo husukuma kwa kilo 180. Pistoni ya masta ina kipenyo cha milimeta 25, yaani eneo la sentimeta za mraba 4.9. Kwa hiyo mafuta hupata msukumo wa kilo 37 hivi kwa kila sentimeta ya mraba. Kwa lori tupu huo watosha. Kwa lori lililojaa ndizi na mahindi, likiteremka kutoka nyanda za juu za Tarime kwenda bonde la Mto Mara, hautoshi, na mzee hawezi kuongeza.

Hapo ndipo inapoingia busta. Ni chombo cha bati mfano wa sufuria mbili zilizofunikana, na katikati kuna kiwambo cha mpira. Upande mmoja wa kiwambo hunyonywa hewa na injini. Upande wa pili hufunguliwa hewa ya nje wakati pedali inapokanyagwa. Hewa ya nje hukisukuma kiwambo kuelekea penye utupu, na kiwambo husukuma fimbo ya masta. Watu wengi hudhani kwamba injini ndiyo inayosukuma breki. La, injini hunyonya tu. Anayesukuma ni hewa hii hii tunayoivuta.

Na hapa pana jambo linalotuhusu sisi watu wa Mara. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Hata Ziwa Victoria liko zaidi ya meta 1,100 juu ya bahari, na mji wa Tarime uko yapata meta 1,500. Ukitaka ushahidi, chukua chupa nyembamba ya plastiki, uifunge tupu hapa Tarime, kisha uifikishe Dar es Salaam: utaikuta imebonyea. Kwa kila meta 300 unazopanda, utupu wa injini ya petroli hupungua kama inchi moja ya zebaki. Injini nzima ya namna ile, ikinguruma polepole pwani, huonyesha inchi 19 hivi. Sisi tuliazima geji tukaifunga kwenye manifoldi, ikasoma 14. Fundi akadhani vali zimechoka. Nikamwambia hapana, ni mlima.

Inchi 14 za zebaki ni karibu kilo 0.48 kwa sentimeta ya mraba. Busta tuliyoipata kutoka lori lililokufa ina kiwambo chenye kipenyo cha sentimeta 25, yaani eneo la sentimeta za mraba 491. Zidisha, utapata kilo 236. Pwani chombo kile kile kingetoa kilo 320 na zaidi. Kwa hiyo mtu wa Tarime anayechagua busta, asichague ndogo kwa kuwa imemfaa binamu yake Tanga.

Lakini busta haifungwi tu kati ya pedali na masta halafu mtu akaenda zake. Ilitubidi tubadili pedali yenyewe. Pedali isiyo na msaada hufaa kuzidisha kama mara 6. Yenye busta hufaa kama mara 4, maana ikibaki 6 breki hushika ghafla mno na mguu husafiri mbali. Tukahamisha tundu la fimbo kutoka sentimeta 5 hadi 7.5 chini ya mhimili. Sasa kilo 30 za mguu huwa kilo 120. Ongeza 236 za busta, ni 356. Mafuta hupata karibu kilo 73 kwa sentimeta ya mraba, mara mbili ya mwanzo, kwa mguu ule ule.

Nawaomba madereva wasimame hapa kidogo. Injini ikizimika, zile 236 hazipo. Zinabaki 120, nazo ni chache kuliko zile 180 za lori lilipokuwa halina busta. Ipo vali ndogo inayozuia utupu usitoroke, hivyo utapata kukanyaga mara moja au mbili, basi. Wapo madereva wanaozima injini kwenye mteremko na kuacha gari liende lenyewe katika nyutro ili kuokoa petroli. Katika gari lenye busta huko ni kuuza roho kwa nusu lita. Na mwenye injini ya dizeli ajue kwamba dizeli hainyonyi kama petroli; yahitaji pampu yake ya utupu, na katika pikapu nyingi za Kijapani pampu hiyo iko nyuma ya altaneta.

Masta tuliibadili pia, tukaweka yenye vyumba viwili, kimoja cha magurudumu ya mbele na kimoja cha nyuma. Magari mengi ya zamani yana chumba kimoja tu, na bomba moja likipasuka, breki zote zimekwisha. Kama fedha hazitoshi kwa kazi zote mbili, mimi ningenunua masta kwanza, busta baadaye.

Klachi ilitufundisha kwa njia nyingine. Tulitupa vyuma vyote vya kuungaunga, tukatia masta ndogo ya milimeta 19 juu, na silinda ya pili, ambayo mafundi huiita slevu, karibu na uma wa klachi. Mimi kwa kumhurumia mzee nikachagua slevu nene ya milimeta 25. Pedali ikawa laini kama siagi. Mjomba akacheka. Kisha akajaribu kuingiza gia ya kwanza, ikalia kama jiwe la kusagia. Kwa nini? Mguu husafiri sentimeta 15, toa 2.5 za mwanzo ambazo lazima ziwe huru, zabaki 12.5. Pedali hugawa kwa 6, masta husogea sentimeta 2.1. Slevu ya milimeta 25 ina eneo mara 1.7 ya masta, hivyo yenyewe husogea sentimeta 1.2 tu, na klachi yetu ilihitaji moja na nusu ili iachie. Tukaweka slevu ya milimeta 22, ambayo eneo lake ni mara 1.34. Ikasogea sentimeta 1.55. Gia zikaingia. Pedali si siagi tena, lakini goti la mzee laiweza. Ukipunguziwa uzito huongezewa safari, wala hakuna fundi awezaye kukupa vyote viwili.

Jambo dogo ambalo wengi hulipuuza ni mahali pa kufungia. Bati la kebini ni jembamba. Ukifunga masta juu yake peke yake, bati hunepa na nusu ya safari ya mguu hupotelea humo. Tulikata chuma cha milimeta 6, tukakifunga ndani kwa bolti. Pedali zote mbili zaning'inia katika mhimili mmoja, ila kila moja ina bushi yake, ili ya klachi isiikokote ya breki. Nafasi kati yake tuliipima kwa buti la mjomba, si kwa kiatu changu.

Kisha tukatia mafuta ya breki mapya na kutoa hewa, tukianzia gurudumu lililo mbali kabisa na masta. Tafadhali msitie oili ya injini mahali pa mafuta ya breki, hata kwa dharura. Mipira ya ndani huvimba, na siku chache baadaye breki hazifanyi kazi.

Siku ya jaribio tulitoka Tarime na mifuko michache ya mchanga, mjomba akiendesha, mimi katikati, fundi mlangoni, na tanboi nyuma. Hadi karibu na Nyamwaga kila kitu kilikuwa kizuri. Kisha mjomba akasema lori limekuwa zito, kama linavuta mti. Nikamwambia ni kilima. Akanyamaza, mwendo kidogo akasema tena. Ndipo harufu ya kuungua ikaingia kebini. Tulisimama, tanboi akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, lakini lori halikuhitaji jiwe: lilikuwa limejishika lenyewe. Dramu za mbele zilikuwa moto hata mkono haukaribii. Mtu mmoja wa njiani akaleta ndoo ya maji ili amwagie. Fundi akamzuia kwa adabu, maana dramu ya moto ikimwagiwa maji baridi yaweza kupasuka.

Fundi alifungua kidogo zile nati zinazoshika masta kwenye busta, zamu mbili tu. Tukasikia magurudumu yakiachia. Akanitazama, wala hakusema neno.

Kosa lilikuwa langu. Ndani ya masta mna kitundu kidogo ambacho mafuta hurudia kwenye kopo mguu unapoinuka. Fimbo itokayo kwenye busta ikiwa ndefu kupita kiasi, pistoni hairudi mpaka mwisho, na kitundu hubaki kimezibwa. Mafuta hayapati njia ya kurudi; breki hugusa kidogo, hupata joto, mafuta hutanuka kwa joto, breki hushika zaidi. Mimi ndiye niliyeipima fimbo ile. Nilipima gasketi ikiwa bado mahali pake, kisha katika kufunga gasketi ikaachwa juu ya benchi. Unene wake haufiki milimeta mbili. Kama tungeendelea mpaka mteremkoni na mafuta yakachemka, pedali ingezama hadi sakafuni, na sisi wanne tukiwa ndani.

Tuliifupisha fimbo palepale kwa spana mbili, tukaacha nafasi ya karibu milimeta moja, tukangoja dramu zipoe kwa saa moja na zaidi, tukarudi Tarime polepole. Kesho yake fundi alifungua magurudumu yote akaangalia viatu na mipira. Baadaye lori lilipelekwa kukaguliwa na askari wa usalama barabarani kabla ya kubeba mzigo wa mtu.

Mwanafunzi atakaye kuona busta ikifanya kazi aweza kujaribu kwa gari lolote la nyumbani, kwa ruhusa ya mwenyewe, gari likiwa tambarare na breki ya mkono imefungwa. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Acha mguu juu yake, kisha mwenye gari awashe injini. Pedali itashuka kidogo yenyewe chini ya mguu wako. Isiposhuka, mwambieni mzazi aende gereji.

Mjomba sasa huenda mpaka Mugumu, yapata kilometa 87, akapakua ndizi na kurudi. Goti halimsumbui. Anayelalamika ni tanboi, ambaye wiki ya kwanza aligonga paji la uso mara mbili kwa kuwa mzee alikuwa bado anakanyaga breki kwa nguvu za zamani.