Nguo kama Hati ya Historia: Mfano wa Mavazi ya Mahipi

Mwalimu anapofundisha historia huelekea kutafuta ushahidi katika magofu, silaha na sarafu, akasahau kwamba nguo nayo ni hati. Katika makala haya tumechagua mavazi ya mahipi, vijana wa Marekani wa miaka ya 1960. Wanafunzi wetu huziona alama zake kila wapitapo penye mitumba, nasi walimu tumezoea kuyafungia mjadala kwa neno moja: uhuni. Neno hilo halimfundishi mtoto kitu.

Kitovu chake kilikuwa mtaa wa Haight-Ashbury, mjini San Francisco, ambako makumi ya maelfu ya vijana walikusanyika kiangazi cha 1967. Wengi walitoka katika nyumba zenye nafasi. Waliipinga vita ya Vietnam, na pamoja nayo wakayakataa maisha ya suti, tai na nywele zilizopunguzwa. Lakini anayeyavua mavazi ya kwao hana budi kuvaa ya wengine, na hapa ndipo penye somo. Jinzi ilikuwa suruali ya vibarua. Hataza ya kuikaza kwa vishikizo vya shaba walipewa mwaka 1873 fundi cherehani Jacob Davis na Levi Strauss, mfanyabiashara wa San Francisco hiyohiyo. Suruali pana miguuni, ambayo Dar es Salaam ya miaka ya 1970 iliiita bugaluu, ilikuwa ya mabaharia. Koti lenye matamvua liliigwa kwa Wamarekani wa asili, lile la ngozi ya kondoo lilitoka Afghanistan, na dashiki ni ya Afrika Magharibi. Yafaa ikumbukwe kwamba Wamarekani weusi nao waliivaa dashiki miaka hiyohiyo, ila wao walikuwa wakidai asili yao, si kuikimbia.

Hata fulana ya madoa ya rangi, inayodhaniwa kuwa mali ya mahipi hasa, ni kazi ya kufunga na kuchovya ambayo Wayoruba huiita adire na Wahindi bandhani, nayo ni kongwe kuliko Marekani yenyewe.

Biashara haikuchelewa. Tarehe 6 Oktoba 1967 baadhi ya vijana wa mtaa ule walibeba jeneza barabarani, wakatangaza kifo cha hipi, kwa kuwa magazeti na wauzaji walikwisha kuwageuza bidhaa. Jeneza halikuzuia kitu: viwanda viliendelea kushona, na mitindo ile hurudi madukani mara kwa mara hadi leo.

Kwa darasa la tano au la sita, vipindi viwili vyatosha. Katika cha kwanza, mwalimu alete fulana mbili za mtumba: moja iliyochovywa kweli, nyingine iliyopigwa chapa na mashine. Asiseme lolote. Wanafunzi wazigeuze ndani nje. Ile ya mashine kwa kawaida imepauka upande wa ndani. Wakishaona, waulizwe kazi hii ilianza mikononi mwa nani, na fedha sasa humwendea nani. Swali la pili ndilo zito, nasi twashauri lisiharakishwe.

Katika cha pili wafanye wenyewe. Kostiki na haidro zinazotumiwa na mafundi wa batiki huunguza ngozi, hivyo zisiingie darasani, manjano yatosha. Mwalimu ayachemshe katika maji na kuyaacha yapoe kiasi. Wanafunzi wafunge vipande vya pamba nyeupe kwa uzi, wavichovye, kisha wafungue. Palipokazwa patabaki peupe, kwa kuwa rangi haikupenya. Vipande vianikwe kivulini, maana jua huififisha haraka rangi ya manjano. Kimoja kiachwe juani makusudi, kilinganishwe na vingine baada ya wiki.