Dumu la Maji Nyuma ya Siti

Mdogo wangu mwenye Land Cruiser, niambie ukweli: hilo dumu la maji nyuma ya siti ni la nini? Utasema la akiba, na akiba ni busara, safari za huku kwetu ni ndefu. Lakini kama unaligusa kila asubuhi kabla hujatoka Kikuyu, hapa Dodoma, hiyo si akiba tena, mpenzi. Rejeta nzima hainywi maji kila siku. Kuna mahali yanavuja, na moyoni unajua, ila unaogopa bili ya fundi. Sikulaumu, ada za watoto zinabana kila nyumba. Ila mficha maradhi, kilio humfichua.

Hapa mjini gari linakudanganya. Kwenye lami upepo unapita kwenye rejeta na mshale wa joto unatulia. Ngoja uelekee Bahi, uingie mchanga wa korongo kwa gia nzito, saa nane mchana, mwezi wa kumi na moja. Injini inatoa jasho, mwendo ni wa miguu, upepo hakuna, feni peke yake ndiyo inahangaika. Hapo ndipo mbegu za nyasi na mabawa ya panzi vilivyojazana kwenye rejeta vinapokuumbua. Inama, mulika na tochi. Ukikuta zile mbavu nyembamba zimeziba, nyunyizia maji kutoka upande wa injini kuja mbele, taratibu, maana mashine ya kuoshea magari inazilaza.

Halafu haya maji yenyewe unayomimina. Visima vyetu vingi vina chumvi; tazama ukoko mweupe chini ya birika lako la chai. Ukoko huohuo unajijenga ndani ya rejeta, kidogo kidogo, hadi njia zinakuwa nyembamba. Weka kulanti, na kama ni ya kuchanganya, changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Kulanti inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Usiione ni anasa ya magari ya ofisi.

Na kifuniko cha rejeta, jamani, mbona mnakidharau? Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Sufuria ya wazi huku inachemka kwenye nyuzi kama 96 tu. Kifuniko kizima kinashikilia presha ili maji yavuke hata nyuzi 100 bila kuchemka. Raba yake ikikakamaa, unatembea na sufuria ya wazi. Badilisha, ni kitu cha bei ndogo.

Fundi akikwambia ang'oe thamostati ili gari lipoe, mkatalie kwa adabu. Kwenye injini nyingi za dizeli, ikiondoka, njia ya pembeni inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Mlimani gari linachemka zaidi. Asubuhi za baridi za mwezi wa saba injini haipati joto lake na inakula mafuta bure. Mwambie aweke mpya.

Sasa nisikilize kwa hili. Mshale ukianza kupanda, simama. Najua aibu yake: abiria wananung'unika, mama mkwe yuko siti ya mbele, unajipa moyo kwamba kijiji hakiko mbali. Hapo ndipo hedi inapopinda na gasketi inapoungua, na bili uliyoikimbia inarudi mara kumi. Zima AC, fungua hita hadi mwisho. Mvuke ukitoka au maji yakiwa yameisha, zima injini kabisa. Usiguse kifuniko kikiwa cha moto. Maji yale yanaruka usoni, na uso ni wako. Wala usimwagie injini ya moto maji baridi, hedi itapasuka. Kaeni kivulini mpaka ipoe, anayenuna anune.

Wiki hii, injini ikiwa baridi, chukua kalamu ya wino mzito uchore mstari pale maji yalipo kwenye tanki dogo la akiba, uandike na tarehe. Minya mipira yote ya rejeta, tafuta iliyolainika au kuvimba na alama za unga mweupe kwenye viungo, kaza mkanda wa feni. Maji yakishuka chini ya mstari, usiongeze ukanyamaza: peleka gari kwa fundi, mwambie apime presha ya rejeta ukiwa umesimama hapohapo ukitazama.