Kabla Hujaingia Kwenye MRI, Sema Habari za Masikio Yako

Mgonjwa anayepelekwa kwenye kipimo cha MRI huulizwa mengi mlangoni. Ana chuma mwilini? Amewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo? Ni mjamzito? Figo zake zikoje, maana huenda akadungwa dawa ya kung'arisha picha? Ni haki kuulizwa hayo yote, kwa kuwa sumaku ya mashine ile inaweza kumdhuru vibaya mtu aliyesahau kipande cha chuma mwilini au mfukoni. Kuhusu masikio, fomu nyingi huishia kuuliza kama mtu anavaa kifaa cha kusikia au amepandikizwa kimoja ndani ya sikio. Swali la kama masikio yake yanavuma halimo. Tumeandika kijitabu hiki kulitetea swali hilo. Kelele ya MRI ni dozi, kama ilivyo dawa: ina kiasi, ina muda, na ina watu wanaoathirika nayo kwa urahisi kuliko wenzao. Hakuna anayetoa dawa bila kumuuliza mgonjwa habari zake, na kelele hii nayo haifai kutolewa hivyo.

Mvumo wa masikio, ambao wataalamu huuita tinaitasi, ni sauti anayoisikia mtu ilhali haitoki popote nje yake. Mmoja husikia kama chenene anayelia usiku kucha, mwingine kama filimbi, mwingine kama birika linalokaribia kuchemka. Si dalili ya wazimu wala ya kurogwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la JAMA Neurology ulikadiria kwamba kiasi cha asilimia 14 ya watu wazima duniani wamekutana na hali hii, na kwamba zaidi ya milioni 120 wanaipata kwa ukali. Chanzo chake mara nyingi ni sikio la ndani, ambamo mna chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000 kila upande, na chembe hizo zikifa hazioti nyingine. Ubongo unapokosa taarifa zilizokuwa zikitoka kwenye chembe hizo hujiongezea sauti wenyewe, kama mtu anayefungulia redio hadi mwisho akitafuta stesheni iliyofifia, naye akaambulia mkwaruzo. Katika nchi zetu wako wengi waliofika hapo kwa njia wanazozikumbuka vizuri: dozi za kwinini, miaka mingi kwenye karakana au kiwanda chenye kelele, au sindano za kifua kikuu kama streptomycin na kanamycin. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, liliacha kuipendekeza kanamycin kwa kifua kikuu sugu, lakini waliodungwa kabla ya hapo bado tunao, na siku moja mgongo au kichwa kitawapeleka kwenye MRI.

Watu wengi hudhani kelele za mashine ile ni za mota, au kwamba pengine ni mbovu. Ukweli ni kwamba ndivyo inavyofanya kazi. Mashine ya kawaida ina sumaku ya tesla 1.5, ambayo ni mara 30,000 hivi ya nguvu ya sumaku ya dunia inayoivuta dira. Ndani yake mna nyaya nene zilizozungushwa kuzunguka mahali anapolala mgonjwa, na umeme hupitishwa humo, ukikatwa na kurudishwa mara nyingi sana kwa sekunde, ili mashine ijue kila nukta ya picha inatoka sehemu gani ya mwili. Waya wenye umeme ukiwa ndani ya sumaku husukumwa. Spika ya redio hutoa sauti kwa kanuni hiyo hiyo, ila hapa mgonjwa amelala ndani ya spika yenyewe. Kwa hiyo mashine yenye sumaku kubwa zaidi, kama zile za tesla 3, kwa kawaida hupiga kelele zaidi, na mbinu ya upigaji picha inayobadilisha umeme kwa kasi zaidi hupiga kelele kuliko nyingine. Mojawapo ya mbinu zenye kelele kubwa kabisa ilibuniwa na Peter Mansfield wa Uingereza, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2003 pamoja na Paul Lauterbur wa Marekani. Mansfield huyo huyo alifanya kazi ya kutafuta namna ya kuzituliza nyaya hizo. Mtu aliyeijua mashine kuliko karibu wote waliobaki aliona kwamba kelele yake ni tatizo linalostahili kazi ya mwanasayansi.

Sasa tupige hesabu. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, NIOSH, huruhusu mfanyakazi akae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila kelele inapopanda desibeli 3, muda unaoruhusiwa hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ikifika 100 muda uliobaki ni dakika 15 tu. Kelele ya MRI hutofautiana kwa mashine na kwa aina ya picha, lakini kufika desibeli 100 hadi 110 ni jambo la kawaida, na baadhi ya mbinu kwenye mashine za tesla 3 hupita 120. Kwenye desibeli 110, dozi ya siku nzima ya mfanyakazi huisha kwa dakika moja na nusu. Kipimo cha kichwa au mgongo huchukua nusu saa, mara nyingine zaidi. Ndiyo maana vizibo vya masikio si zawadi ya ukarimu wa hospitali. Vizibo ni sehemu ya kipimo, sawa na kitanda anacholalia mgonjwa.

Hapa hujitokeza pingamizi la kwanza, nalo ni la maana: kila mgonjwa hupewa vizibo, basi jambo limekwisha. Lingekwisha kama vizibo vingekuwa ndani ya sikio. Kizibo cha sponji kikikaa sawasawa huweza kupunguza desibeli 25 au zaidi, lakini kikiwekwa juujuu hupunguza kidogo sana. Tuseme kelele ni desibeli 110 na kizibo kimekaa vibaya kiasi cha kupunguza 10 tu. Mgonjwa atapata desibeli 100 na dakika zake 15, nao uchunguzi utaendelea baada ya hapo. Kizibo huviringishwa kwa vidole hadi kiwe chembamba, sikio huvutwa juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili uliopita juu ya kichwa, kizibo huingizwa, kisha hushikiliwa kwa kidole kama nusu dakika mpaka kitanuke. Kikikaa vizuri, mtu akisema neno husikia sauti yake mwenyewe nzito, kana kwamba anasemea ndani ya mtungi. Juu ya vizibo huvaliwa vifuniko vya masikio, pale vinapoingia kwenye kifaa kinachozunguka kichwa. Vyote viwili pamoja huongeza kinga kwa desibeli chache tu, kwa sababu sehemu ya sauti hupitia kwenye mifupa ya fuvu, lakini kwa sikio linalovuma hizo chache si haba. Anayekuja na vizibo vyake kutoka kazini avionyeshe kwanza, kwani vile vya viwandani huwa mara nyingine na chembe za chuma ndani ili vigundulike vikianguka kwenye bidhaa.

Pingamizi la pili linatoka kwa baadhi ya wataalamu. Wengi wanaopelekwa MRI tayari wana ugonjwa wa sikio au wa neva, na mvumo ukizidi baada ya kipimo huenda ungezidi vilevile hata bila kipimo. Tunakubali kwamba jambo kutokea baada ya jingine hakuthibitishi kwamba limesababishwa nalo, na kwa mgonjwa mmoja mmoja ni vigumu kuthibitisha. Lakini kwamba kelele ya mashine hii inaweza kuligusa sikio, hilo limepimwa. Mwaka 1988 jarida la Radiology lilichapisha uchunguzi wa kundi dogo la wagonjwa, na kati ya wale waliopigwa picha bila vizibo, asilimia 43 usikivu wao ulishuka kwa muda. Mwaka 2018 jarida hilo hilo lilichapisha utafiti wa watu wenye afya waliopigwa picha za ubongo kwenye mashine ya tesla 3 huku wamevaa vikinga. Usikivu wao nao ulishuka, kisha ukarudi. Kurudi huko ni habari njema, na kwa watu wengi ndivyo inavyokuwa. Hata hivyo Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha mwaka 2009, kwa panya, kwamba sikio linaweza kurudi na kupimwa zima ilhali sehemu ya viungo vinavyoliunganisha na neva imepotea moja kwa moja. Panya si binadamu, na kelele waliyotumia ilikuwa ya maabara. Tunachokipata kwao ni kwamba kipimo cha usikivu kuonyesha hali ya kawaida hakitoshi kumwambia mgonjwa kwamba hakuna kilichotokea. Na kwa kuwa tahadhari yenyewe ni swali moja na vizibo vilivyowekwa sawasawa, hatuoni kwa nini isubiri ushahidi mwingine.

Pingamizi la tatu ndilo linalotusumbua zaidi. Mvumo hukua ukisikilizwa, na hofu huukuza. Je, kumuuliza mgonjwa habari za masikio si kumtia hofu itakayomzidishia, au hata kumfanya akikimbie kipimo kinachoweza kumwokoa? Hatari hiyo ipo, na haifai kupuuzwa. Mtu mwenye dalili za uvimbe kwenye ubongo au uti wa mgongo uliobanwa asikatae MRI kwa ajili ya mvumo. Lakini hofu hukua zaidi pale mtu anapolala ndani ya bomba, mlio ukaanza ghafla, na hakuna aliyemwambia utakuwaje wala utadumu muda gani. Mtaalamu akisema, "Sasa inakuja sehemu ya dakika nne, itagonga kwa nguvu, ukizidiwa bonyeza mpira huu," mgonjwa anajua kinachokuja na ana njia ya kukisimamisha, na hofu yake hupungua.

Inafaa pia kuuliza kama kipimo kinahitajika. Mwongozo wa mwaka 2020 kutoka NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unashauri kutompiga picha mtu mwenye mvumo wa masikio yote mawili kwa usawa, usiofuata mapigo ya moyo, ikiwa hana dalili nyingine. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 unaelekea huko huko. Mvumo wa sikio moja, usikivu uliopungua upande mmoja, au mvumo unaokwenda na mapigo ya moyo ni jambo jingine, na hapo picha ina kazi, kwa mfano kutafuta uvimbe kwenye neva ya kusikia. CT-Scan ina kelele ndogo, lakini hutumia mionzi, na uvimbe mdogo wa neva hiyo unaweza kuipita. Inasikitisha kuona familia ikichangishana fedha za MRI kabla mgonjwa hajafanyiwa kipimo cha usikivu, ambacho ni nafuu na hakina kelele kubwa.

Ikishaamuliwa kwamba MRI ni lazima, sema mapema, siku ya kupangiwa, usingoje mpaka uko kitandani: "Masikio yangu yanavuma, na kelele kubwa huzidisha. Naomba vizibo na vifuniko vyote viwili, na kama kuna namna ya picha yenye kelele ndogo, naiomba." Ombi hilo si utovu wa adabu. Watengenezaji wa mashine wenyewe wameweka mbinu za utulivu, kama Silent Scan ya GE na Quiet Suite ya Siemens, na pale zisipokuwepo mtaalamu anaweza kuacha picha zisizojibu swali la daktari au kukupumzisha katikati. Tunajua foleni ni ndefu, na mbinu tulivu huweza kuchukua muda zaidi. Dakika hizo chache ni afadhali kuliko kumtoa mgonjwa aliyeshindwa katikati na kuanza upya siku nyingine. Anayevaa kifaa cha kusikia atakivua kabla ya kuingia, hivyo akubaliane na mtaalamu ishara za mkono. Mtoto mchanga na aliyelazwa usingizi kwa dawa hawawezi kulalamika, na masikio yao yanazibwa vilevile, pamoja na ya ndugu anayebaki chumbani.

Mvumo ukipanda baada ya kipimo, kwa wengi hushuka baada ya saa au siku kadhaa. Siku hizo kaa mbali na spika za harusini na muziki wa kwenye daladala au matatu, lakini usijifungie kwenye ukimya wala kuvaa vizibo nyumbani, kwa kuwa sikio lililonyimwa sauti huzidi kuwa jepesi la kuumizwa nayo. Usiku acha sauti ndogo chumbani, feni au redio iliyopunguzwa. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuufuta mvumo, na mafuta ya moto au maji ya kitunguu sikioni huongeza jeraha. Kinachosaidia kwa ushahidi ni tiba ya kisaikolojia ya kubadili jinsi mtu anavyoupokea mvumo, na kifaa cha kusikia kwa aliyepungukiwa usikivu. Sikio likizima ghafla, usingoje lifunguke lenyewe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani dawa za steroidi husaidia zaidi zikianza ndani ya siku za mwanzo. Na daktari atakayekupokea aandike kwenye faili kipimo kilifanyika lini, kwenye mashine ya tesla ngapi, ulivaa nini masikioni na ni picha ipi iliyokuzidia, ili atakayekupiga picha safari nyingine asianze bila kujua.